Vet: Neno la Kupima Mifugo Lililokuja Kutupima Sisi

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo kila kijana wa Griftu analijua hata kabla hajaweza kuandika insha ya Kiingereza vizuri. Si "love", si "money". Ni "vetting". Ukifikisha miaka 18 hapa kwetu, neno hilo linakungoja mlangoni kama mtu anayekudai.

Leo nataka tuongee neno hili lilitoka wapi. Nikiwaambia lilizaliwa kwenye mazizi ya farasi huko Uingereza, najua kuna wasee watasema natafuta views. Wacha niweke kila kitu mezani, halafu uamue mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi si profesa. Chuo niliacha mwaka wa pili, wakati ukame ulipomaliza ngamia ambao ndio walikuwa karo yenyewe. Lakini kabla sijafunga virago nilisoma kozi moja ya isimu, na kulikuwa na mada moja iliyonikaa kichwani kama wimbo: jinsi maneno ya Kiingereza yanavyoundwa. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilijiona kama mtu aliyeingizwa kwenye gereji, anaonyeshwa gari limefunguliwa na kila nati iko chini.

Yaani Kiingereza hakina njia moja ya kutengeneza neno. Zipo kadhaa, na nyingi unazitumia kila siku bila kujua. Kuna kuunganisha: "foot" na "ball", ukapata "football". Kuna kubandika kiambishi: "happy" ukiiwekea "un-" mbele inakuwa "unhappy", "teach" ukiiwekea "-er" nyuma inakuwa "teacher". Kuna kuchanganya, unachukua kichwa cha neno moja na mkia wa lingine: "breakfast" na "lunch" zikazaa "brunch", "video" na "blog" zikazaa "vlog", ambayo ndiyo kazi inayonilisha sasa, siku zikiwa nzuri. Kuna kukata: "influenza" ikabaki "flu", "omnibus" ikabaki "bus", na sisi tukaipokea ikiwa basi bila kujua kwamba ilikuwa imeshakatwa kichwa. Kuna kugeuza, neno linahama kazi bila kubadilisha sura: "Google" ni jina la kampuni, lakini leo watu wanaitumia kama kitenzi.

Na kuna kukopa. Hapo Kiingereza hakina aibu kabisa. Kilichukua "safari" kutoka kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeitoa kwa Kiarabu. Kwetu safari ni kwenda mahali popote, hata kupanda basi kwenda Nairobi. Lakini mzungu akisema "safari", kichwani mwake kuna simba na twiga. Tuliwakopesha neno la mwendo, wao wakalijaza wanyama. Shikilia hiyo, tutairudia.

Sasa "vet".

Mwanzo ni Kilatini, "veterinarius", mtu anayeshughulika na wanyama wa kubeba na kuvuta mizigo. Mwaka 1761 Wafaransa walifungua chuo cha kufundisha udaktari wa wanyama mjini Lyon, na mwaka 1791 Waingereza wakafungua chao London. Anayehitimu aliitwa "veterinary surgeon". Jaribu kulitamka hilo neno farasi wako akiwa amelala chini anakoroma. Ni refu mno. Kwa hiyo katika karne ya 19 watu wakalikata, ikabaki "vet". Hiyo ni hatua ya kwanza: kukata.

Hatua ya pili, kugeuza. Kufikia miaka ya 1890 "vet" haikuwa mtu tu, ilikuwa pia kitendo. Kabla ya kununua farasi au kumwingiza kwenye mashindano, unampeleka kwa daktari amfungue mdomo ahesabu meno, amwinue mguu aangalie kwato, asikilize kifua. Hiyo ndiyo "to vet". Mnyama mzima anapita, mbovu anarudishwa.

Hatua ya tatu, maana ikahama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza wakaanza kulitumia neno hilo kwa watu, halafu kwa karatasi, halafu kwa chochote kinachohitaji kukaguliwa. Hatua ya nne, wakabandika "-ing" mkiani, na sasa una "vetting", neno lililovaa suti na tai, linakaa vizuri kabisa kwenye barua ya serikali. Leo Mwingereza akilisema hasikii farasi hata kidogo. Limetumika sana hadi limekuwa laini.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia ya neno haitoshi. Lazima uone lilikuta nini huku.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga maeneo ya pembezoni, ili mtu asiingie bila ruhusa. Mwaka 1934 ikaongeza sheria nyingine ya wilaya maalum, yenye meno zaidi. Eneo letu lote waliliita Northern Frontier District, na kwa sababu jina lilikuwa refu, wakachukua herufi za mwanzo tu: NFD. Hiyo nayo ni njia ya kuunda neno. Wazee wetu hadi leo wanasema NFD. Lakini tazama hilo neno "frontier", mpaka. Hilo ni jina la mtu aliyesimama Nairobi akitazama kaskazini. Kwa ayeeyo yangu, Griftu ndiyo katikati ya dunia, na mpakani ni huko kwa wengine.

Na kwa nini walifunga? Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja ilikuwa mifugo. Walowezi hawakutaka ng'ombe wa kaskazini wachanganyike na wao kule juu, kwa kuogopa magonjwa na kwa kulinda soko lao. Kwa hiyo mifugo ilizuiwa kwa karantini, na Isiolo pakawa na kituo chake. Hata "karantini" ni neno lenye safari ndefu: lilitoka kwa Wataliano wa Venice, lilihesabu siku 40 ambazo meli ilisubiri wakati wa tauni. Basi ukawa hivi: ng'ombe anahitaji kukaguliwa ili apite, na mwenye ng'ombe anahitaji pasi ili apite. Njia moja, kizuizi kimoja.

Wala si sisi peke yetu. Huko bara, kuanzia mwaka 1920 hivi, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande. "Ki-" ya udogo, "pande" ya kitu kilichokatwa: karatasi ndogo tu, lakini ilitiwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu waliita kikebe hicho "mbugi", yaani kengele anayofungwa mbuzi. Hao hawakuhitaji kozi ya isimu. Waliona kitu, wakakipa jina lake halisi.

Uhuru ukaja Desemba 12, 1963. Kwetu sherehe haikumaliza mwezi. Watu wengi wa NFD walikuwa wametaka kuungana na Somalia, na tume iliyotumwa mwaka 1962 ilisikia hivyo kwa masikio yake. Desemba 28, 1963, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika mkoa wetu. Ikaja vita, na pamoja na vita neno: "shifta". Hili Kiingereza na Kiswahili vililikopa kutoka Ethiopia na Eritrea, ambako lilimaanisha jambazi au muasi wa msituni. Ukilikopa neno kama hilo, hulazimiki tena kueleza mtu anapigania nini. Ni jambazi, kwisha. Vita vilipoa baada ya makubaliano ya Arusha ya 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Miaka 28. Mtu alizaliwa, akaoa, akapata watoto, bado ni hali ya hatari.

Katikati ya miaka hiyo kuna Februari 1984. Wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na askari, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Serikali iliita operesheni ya kutafuta silaha. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu yake katika ripoti ya 2013. Mimi sitaongeza hadithi hapa. Nasema tu kwamba "operation" kwa Kiingereza ni kazi, na pia ni kile daktari anachofanya hospitalini. Ukiita kitu operesheni, umeshasema kuna ugonjwa na kuna anayetibu.

Halafu ikaja "screening". Hili nalo ni la kugeuza. "Screen" ilikuwa kizuizi, kitu cha kukinga. Baadaye likawa jina la chekeche kubwa la kuchuja mchanga au makaa, na chekeche likageuka kitenzi. Kenya ililijua mapema. Aprili 24, 1954, Waingereza walizingira Nairobi kwa Operation Anvil, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapitisha kwenye screening. Watoa habari walifunikwa magunia kichwani na kutobolewa matundu ya macho, wakitikisa kichwa kusema huyu ndiye, huyu siye. Watu waliwaita "gakunia", kagunia kadogo.

Novemba 1989 serikali yetu wenyewe ikaliokota neno lile lile. Kila Msomali wa Kenya mwenye miaka 18 na zaidi alitakiwa kufika mbele ya kamati kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho alichokuwa nacho tayari. Wako waliofukuzwa nchini. Kabila lingine halikuitwa. Chekeche lilikuwa moja na mchanga uliotiwa humo ulikuwa mmoja.

Na kadi hiyo ilipochakaa, likaja "vetting". Kijana wa Wajir, Mandera au Garissa akitaka kitambulisho, hapeleki tu karatasi zake. Anaitwa mbele ya kamati. Wanubi wa Kibera wanaijua hii, na baadhi ya Waswahili na Waarabu wa Pwani pia.

Yangu nilifanyiwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na foleni tangu alfajiri, meza ndefu, maafisa na wazee. Niliulizwa jina la baba, la babu, la babu wa babu. Sasa, kwetu sisi mtoto anafundishwa abtirsi akiwa mdogo, ile orodha ya mababu mmoja baada ya mwingine. Awoowe alinifundisha usiku, nikikosea ananianzisha upya, nikimaliza ananipa maziwa. Ilikuwa fahari. Siku ile niliisema abtirsi yote hadi juu, nimesimama wima, mikono mgongoni, kama mshtakiwa. Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali. Afisa akasema, ngoja tutakuita. Nilingoja miezi minane.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Nyeri. Nikamuuliza, wewe ulivetiwa na nani? Hakuelewa swali. Alipeleka cheti cha kuzaliwa na kopi za vitambulisho vya wazazi, akapigwa picha, akaenda zake.

Najua kuna mtu anasoma hapa na ameshaanza kuandika jibu lake: usalama je? Swali la haki. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wanafunzi wa umri wetu. Hakuna mtu wa huku anayeichukulia hiyo kama habari ya mbali. Lakini kumbuka mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu. Mtu kama huyo kamati gani ingemrudisha? Babu yake angejulikana, cheti chake kingekuwepo. Kumuuliza mtu jina la babu wa babu kunakuambia ni wa ukoo gani. Hakukuambii ana nini moyoni. Tukitaka kukagua, tukague wote kwa swali moja. Kukagua upande mmoja wa nchi ni kupima zizi moja tu.

Hapo ndipo neno lenyewe linasaidia kuficha. Bungeni, mtu aliyeteuliwa kuwa waziri anafanyiwa vetting. Majaji walifanyiwa vetting baada ya katiba ya 2010. Kwa hiyo ukilalamika unaambiwa, mbona hata mawaziri? Bana, waziri anakaguliwa ili apewe nchi aiendeshe. Mimi nilikaguliwa ili nikubaliwe kwamba nilizaliwa ndani yake. Neno ni moja, lakini mizani si moja.

Angalia lugha zetu zinavyofanya. Watangazaji wa Kiswahili walipotaka neno la "vetting" hawakukopa mnyama. Walisema kupigwa msasa. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijaja. Angalau mbao ikipigwa msasa kuna kitu kinatoka: mlango, kiti, kitanda. Kisomali nacho kina "dhakhtarka xoolaha", daktari wa mifugo, na neno hilo limebaki kwa mifugo. Hapa Griftu akija daktari huyo na sindano zake, anayepangwa foleni ni ngamia na mbuzi. Hakuna aliyewahi kulichukua jina lake akalifanya kitendo cha kumfanyia jirani.

Ila wacha niwe mkweli, hata Wasomali wenyewe wametuundia letu. Ukienda Mogadishu, sisi wa Kenya tunaitwa "Sijui". Kitenzi kizima cha Kiswahili, chenye kikanushi na kila kitu, kimegeuzwa nomino: huyo ni Sijui. Wanasema ni kwa sababu tukiulizwa kitu tunajibu sijui. Yaani ng'ambo ya mpaka sisi ni Wakenya kupita kiasi, hadi lugha yao inatutaja kwa Kiswahili. Upande huu tunaambiwa tuthibitishe. Ningependa siku moja kamati ikiuliza ushahidi wa uraia, mtu ajibu: waulize Mogadishu wanatuitaje.

Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir, alitia sahihi tamko la kuondoa vetting hiyo ya vitambulisho kwa kaunti za kaskazini. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia, nikapiga video hadi simu ikazima chaji. Siibezi siku ile.

Lakini nimewapitisha kwenye gereji yote hii kwa sababu moja. Neno kuliondoa ni rahisi. Ukikata, ukageuza, ukabandika "-ing" au "-tion", una neno jipya kabla ya chakula cha mchana. Sisi tumeishi hivyo: pasi ilipoondoka ikaja screening, screening ikaondoka ikaja vetting. Kila mara waliokuwa ofisini walisema lile la zamani limekwisha, na kila mara ilikuwa kweli, neno ndilo lilikwisha.

Kwa hiyo mdogo wangu unayefikisha 18 mwaka huu, ukienda kuchukua kitambulisho, sikiliza wanakiitaje wanachokufanyia. Labda hawatakiita kitu, watachukua karatasi zako na picha, na utaenda zako kama yule jamaa wa Nyeri. Hapo tutajua tamko limefika. Lakini wakikuambia ni "verification", au "validation", au jina lingine ambalo mimi sijalisikia bado, uliza kwa heshima swali moja: kijana wa Nyeri na wa Kisumu wanafanyiwa hii pia? Jibu lolote utakalopewa, andika tarehe, andika na neno lililotumika, uhifadhi kwenye simu yako. Siku moja mtu atataka kuandika sehemu hiyo ya historia, na atahitaji kujua liliitwaje.